Mahindi Mpaka Mlangoni

Nafula,

Umeenda Kitale kununua kufuli na misumari ya mabati, na kwa jinsi ninavyokujua utarudi na kufuli peke yake. Baba yako yuko nyuma ya nyumba na panga, anakata kitu ambacho hajaniambia ni nini. Mimi nimefunika cherehani mapema, nimekaa hapa sebuleni katikati ya mizigo yako. Nimeona niandike kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa mbele yangu tutaanza tena kubishana kuhusu lile blanketi. Barua hii nitaiweka ndani ya sufuria kubwa. Najua sufuria hiyo huna haja nayo mpaka upate wageni, kwa hivyo nitakukumbusha uifungue.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala ufunge mlango vizuri. Wewe ni mwalimu, unawaambia watoto wa watu mambo hayo kila siku. Na kuhusu kuishi peke yako sina la kusema, maana sijawahi kuishi peke yangu hata wiki moja. Nilitoka kwa mama yangu nikaingia kwa baba yako. Ninachokijua mimi ni jinsi shamba linavyogeuka kuwa nyumbani, na jinsi linavyoweza kukataa. Tulichukua miaka kulijua hilo, na mengi tuliyafanya kinyume.

Nikuambie kilichonishtua. Siku ile tulipokwenda pamoja kuiona ploti yako kule Tongaren, fundi alikuwa amemaliza kupiga mabati ya chumba chako. Nilikuwa nikiangalia kama paa litavuja. Nikageuka, nikakuona umesimama mlangoni, nyumba umeipa mgongo, unahesabu kwa kidole. Ukaniuliza, "Mami, nikianzia hapa kwa mlango, laini ngapi za mahindi zinaweza kutoshea?" Nikakujibu kwamba sijui. Nilijua vizuri sana. Nilikuficha kwa sababu machoni pangu nilimwona baba yako amesimama pale, kijana kama wewe, na kamba ya kupandia mkononi.

Tulipolipata shamba hili la Kachibora hatukusema tumepata nyumbani. Tulisema tumepata shamba. Nyumbani kulikuwa Lwakhakha, kwa wazazi wa baba yako, na kwetu mimi kulikuwa Tongaren. Huku tulikuja kulima. Desemba ikifika tulifunga mlango kwa waya tukaenda nyumbani, na hata jirani alituaga hivyo, "Msalimie nyumbani." Sasa mtu aliyekuja kulima anaitazamaje ardhi? Anaona mahindi. Palipo pazuri ni pa mahindi, naye atajibanza palipobaki.

Ndiyo maana nyumba ya kwanza tuliijenga kule chini karibu na kijito, pale penye nduma sasa. Tuliijenga pale kwa sababu mahindi yalikuwa yamekataa kumea. Hatukujiuliza kwa nini yamekataa. Mvua ya Aprili ilipokuja tukapata jibu. Maji hayakupita mlangoni wala kwenye paa, yalitoka chini, polepole, mpaka sakafu ikawa uji. Tukainua kitanda juu ya matofali. Vyura wakahamia chini yake, na walipiga kelele hadi baba yako akaanza kuwajibu. Mwaka uliofuata tuling'oa nguzo na mabati tukaja huku juu. Ungedhani tumejifunza. Tulijifunza habari ya maji tu.

Huku juu udongo ni mzuri, na kwa kuwa nyumba ilikuwa imeshakula kipande chake, baba yako aliona vibaya kuiongezea kingine. Akafunga kamba kwenye nguzo ya mlango. Sikutanii. Laini ya kwanza ya mahindi ilianzia hapo. Mimi nilimzidi. Katikati ya laini zake nilipanda maharagwe, na jiko nililibandika kwenye ukuta wa nyumba, upenu tu, lisije likachukua nafasi. Kutoka barabarani hadi mlangoni tuliacha njia ya kupita mtu mmoja, tena akiwa mwembamba. Mahindi yalipopita kichwa, nyumba haikuonekana. Mgeni aliyetutafuta alifuata moshi. Wengi hawakufuata, na sisi tukasema watu wa Kachibora wanajivuna.

Wewe ulizaliwa mwezi wa saba, mvua ikinyesha, ndiyo maana unaitwa Nafula. Mama yangu, kukhu wako, akafunga safari kutoka Tongaren kuja kukuona. Alibeba unga wa wimbi wa uji wangu, gunia la ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Hadithi hii umeisikia. Tunaisimulia kila Krismasi na watu wanacheka, jinsi kukhu alivyokataa kuingia akakaa barabarani. Tumekuambia alikuwa mkaidi. Tumeisimulia hivyo kwa sababu hivyo ndivyo sisi tunavyopendeza. Ukweli ni kwamba hatukuwa na mahali pa kumweka.

Vijana siku hizi mnalichukulia kama mchezo, lakini unajua kwetu mama mkwe haingii nyumba ambayo mkwe wake analala. Hawapeani mikono. Wanaheshimiana kwa mbali, na huko mbali kunahitaji ardhi. Kunahitaji uwanja, mwenye nyumba aketi upande huu, mama mkwe upande ule, chai ipite katikati. Sisi tulikuwa tumepanda mahindi juu ya heshima hiyo yote.

Nilisikia hodi kutoka barabarani. Nikatoka nimekupakata.

"Karibu, mama, ingia ndani," nikasema, kisha nikasikia nilichosema.

"Niingie wapi?"

"Huku."

"Huko si ni nyumba ya mkwe? Na hapa," akagusa majani ya mahindi kwa fimbo yake, "ni shamba ya mkwe. Mimi nilikuja kwa mtoto yangu. Sasa kwa mtoto yangu ni wapi?"

Nikamwambia kuna jiko.

"Jiko gani? Si hiyo imeshikana na chumba yenu? Unataka nikae kwa kitanda ya mkwe?"

Baba yako alikuwa ndani ya mahindi. Aliposikia sauti ya mama mkwe aliganda huko huko. Hakuweza kutoka, kwa sababu njia ilikuwa moja na mama ndiye aliyeishika. Hakuweza kumsemesha kutoka kwenye majani kama mwizi. Nikawa mjumbe, mtoto mkononi, umande ukinilowesha gauni.

"Mwambie azunguke nyuma ya nyumba," akaninong'oneza.

"Nyuma kuna mahindi."

"Na upande ya choo?"

"Unataka nimkaribishe mama yangu kwa choo?"

Akafikiri. "Si akae tu hapo kwa maharagwe?"

Niliporudi barabarani mama alikuwa ameketi juu ya gunia lake la ndizi, amevua viatu. Akanyoosha mikono akaniomba mtoto. Kwa hivyo hapo ndipo kukhu wako alipokuona mara ya kwanza, kando ya barabara, baiskeli zikipita. Ilikuwa siku ya soko. Kila aliyepita alimsalimia, naye akaitikia kwa adabu zote, na walipomuuliza anangoja nini alisema anangoja mahindi ikomae ndio aone mlango ya msichana wake. Aliwaambia hivyo wote, bila kucheka.

Jirani yetu Mama Wanjiru, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakahamia huku kabla yetu, alikuja na chai kwenye chupa, na kikombe na kisahani. Akammiminia mgeni wangu, mbele ya shamba langu.

"Mama Nafula," akaniambia pembeni, "kwani mgeni wako amekosa nini?"

"Hajakosa."

"Basi mbona amewekwa inje kama debe?"

Niliona aibu, Nafula. Ile aibu ninayo mpaka leo, nikiigusa iko pale pale.

Usiku huo mama alilala kwa Mama Wanjiru. Hilo halikuwa neno, mama mkwe hulala kwa jirani. Neno lilikuwa kwamba alienda kulala kwa jirani kabla hajafika kwetu.

Asubuhi nikaamshwa na mlio wa panga. Nikadhani ni mtu anaiba mahindi mabichi, nikatoka na mwiko. Alikuwa baba yako. Mahindi yalikuwa yametoa maua, ndevu zimeanza, bado kidogo tu tuanze kuchoma. Alikuwa ameanzia kwenye nguzo ya mlango, pale pale alipofunga kamba mwezi wa tatu, anakata kuelekea barabarani, haruki hata shina moja. Hakuniangalia. Ng'ombe wa Mama Wanjiru walikula siku hiyo mpaka wakalala. Mimi nililia. Ningependa kukuambia nililia kwa kuguswa na alichokifanya, lakini nililia kwa ajili ya mahindi. Nilikuwa nimeyapalilia nikiwa na mimba yako.

Mama alipotoka kwa jirani alipita katikati ya visiki vinavyochoma miguu, akaweka kiti mahali alipotaka mwenyewe, akaketi. Baba yako akaketi kule mbali, upande wa shimo la takataka, kofia juu ya magoti. Akamsalimia bila kumtazama, akaitikiwa bila kutazamwa. Nikapitisha chai. Kisha mama akaniambia mimi, lakini kwa sauti ya kufika kule kwenye shimo, "Sasa nimefika."

Sitakudanganya kwamba siku hiyo tulibadilika. Mwezi wa tatu uliofuata baba yako alichukua kamba yake kama kawaida, na mimi nikasimama mlangoni nione atafanya nini. Alichonga vigingi vinne, akavipigilia kwenye pembe za kile kipande alichokikata, akazungusha kamba, na mahindi hayakuvuka. Na kwa muda mrefu kipande kile kilituudhi. Kilikaa pale kitupu, kinatutazama, majirani wanavuna na sisi tunafagia. Nilikifagia kwa kuwa hakikuwa na kazi nyingine.

Halafu watu wakaanza kuja. Sikujua kama walikuwa wanangoja. Kina mama wa kanisa wakaleta maombi ya nyumba kwa nyumba hapa kwetu, jambo ambalo walikuwa wakiliruka miaka yote. Mama Wanjiru akaleta mahindi yake kuyaanika, akaleta na maneno yake. Wewe ulijifunza kutembea pale, kutoka kwa kiti hadi kiti. Tulipanda michongoma kuwa ua, tukapanda avokado ili wageni wasichomwe na jua, na jiko nikalitoa ukutani nikalisimamisha peke yake, moshi ukaacha kulala nasi. Nyumba ya matofali ilikuja baadaye sana, chumba baada ya chumba, matofali yenyewe tumeyachoma hapa hapa. Tulikosea tena, usidhani. Baba yako alitaka mbao za haraka akapanda mikaratusi kando ya kisima, na mikaratusi ikakinywa kisima chote. Lakini kosa la kisima lilikuwa dogo. Tulilicheka tukiwa na majirani, na majirani wakatupa maji.

Kulikuwa na Desemba moja ambayo hatukwenda Lwakhakha. Hatukuamua. Mbuzi alikuwa anakaribia kuzaa, wewe ulikuwa na homa, Mama Wanjiru alikuwa ameshatualika, siku zikapita. Mtu mmoja sokoni akamuuliza baba yako mbona mwaka huu hakwenda nyumbani. Akamjibu, "Nyumbani gani tena?" Aliponisimulia jioni alikuwa bado anajishangaa.

Sasa nifike kwa kinachonisumbua. Ulipoinunua ploti kwa mshahara wako, bila mume, watu walisema. Walikuja kuyasemea hapa hapa uwanjani, wakinywa chai yetu: msichana ananunua ploti, ataolewa lini, na akiolewa hiyo ploti itakuwa ya nani. Baba yako aliwasikiliza. Wakati wa chakula ndipo alipotoa lile neno, kwamba ploti si nyumbani, na kwamba yeye hana haja ya kusafiri kwenda kuangalia mabati. Ulitoka ukaacha ugali. Tangu siku hiyo mnaongea habari za kuku na za pikapu ya kubeba mizigo, basi.

Kesho unaondoka, na sijui kama atakuja kwako hata siku moja. Hilo ndilo limeninyima raha mwezi mzima. Kuondoka utaondoka, nilikuzaa uondoke. Lakini nyumba ambayo baba hajawahi kuketi mbele yake, kwetu inabaki ploti kweli. Nyinyi wawili mnalijua hilo, ndiyo maana mmoja hasemi na mwingine haombi. Mnafanana mpaka mnachosha.

Wiki iliyopita nilimuuliza, "Utamkasirikia huyu msichana mpaka lini?"

"Hasira gani? Mimi nikienda huko nitakaa wapi? Nyumba yenyewe ni chumba moja. Baba analala kwa nyumba ya msichana yake?"

"Hakuna mtu amesema ulale."

"Basi nitakaa wapi? Aliniambia anapanda yote."

Niliona ni kisingizio. Wazee wetu wanazo desturi za kufuata na desturi za kujifichia, na huyu wangu anazijua zote mbili. Kisha nikakumbuka gunia la ndizi. Nikakukumbuka wewe pale mlangoni, unahesabu kwa kidole. Nikaona kwamba inawezekana hasira yake ni ndogo kuliko nilivyodhani, na woga wake ni mkubwa. Anaogopa kufika kwako akose pa kuketi, mbele ya watu, mzee mzima. Anajua jinsi jambo hilo linavyokuwa, kwa sababu yeye ndiye aliyemfanyia mwingine.

Sikuambii usipande mahindi. Panda. Ardhi ya Tongaren ni ya mahindi, na mshahara wa mwalimu tunaujua. Nakuambia tu kwamba utaona uchungu kuacha kile kipande, na watu watakuuliza kwa nini kimelala bure, na mwezi wa nane wenzako wakivuna utajiona mjinga. Mimi nilijiona mjinga kwa miaka. Sijui njia nyingine ya kupata uwanja.

Nimeiacha barua kidogo, nimetoka kwenda kuona anakata nini.

Ameketi kwenye gogo. Amekata tawi la mkaratusi, ule ule ulioninywea kisima, na anachonga vigingi. Vitatu vilikuwa tayari, ncha zake zimechongwa kama penseli. Cha nne kilikuwa mkononi. Kamba ya kupandia, ile ya zamani yenye mafundo, ilikuwa imekunjwa kando yake.

"Hizo ni za nini?" nikamuuliza.

"Za kwa Nafula."

Nilisimama. Mwezi mzima amekuwa akisema "ile ploti", "kule kwa mabati". Sikumwonyesha kwamba nimesikia, maana angerudisha neno lake ndani.

"Apige hizi mbele ya mlango kabla hajashika jembe," akasema. "Pande zote nne. Mahindi isivuke."

"Mwambie mwenyewe, anarudi sasa hivi."

"Mwandikie wewe. Si nimekuona na kalamu?"

Nikageuka niondoke. Akaniita, macho kwenye panga.

"Na umwambie nitakuja, mahindi ikitoa maua. Nikikuta imefika kwa mlango, nitakaa kwa barabara kama mama yako."

Vigingi na kamba nimevifunga pamoja, viko juu ya mizigo, usivitumie kuwashia moto. Na ukishavipigilia, mwanangu, usivisogeze hata mahindi yakikosa nafasi. Usimfanye baba yako akae barabarani. Atakaa kweli, namjua.

Mama yako